Juzuu ya Pili Ilitangulia

Basi la kutoka Brussels lilichelewa saa tatu nzima, na choo chake kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo safari yote. Tuliteremshwa Bercy kumekucha, mvua inanyesha. Nikanunua chai kwa yuro 4: maji ya moto na kifuko, maziwa hakuna. Kwa pesa hiyo Tanga ningewanywesha watu wa baraza nzima.

Nilikuwa na Jumamosi hiyo moja tu Paris, na niliitaka kwa ajili ya Jiro Taniguchi, Mjapani mchoraji wa hadithi za picha.

Nilimjua Dar es Salaam, kwa kitabu cha kuazima. Mtu anatembea mtaani kwake, basi. Anasimama kutazama ndege, anapanda mti, na kurasa nyingi hazina neno hata moja. Nilikirudia mara tano. Kila kigae cha paa kimechorwa kana kwamba mwenye nyumba atakuja kuhesabu. Vivuli anavikata kwenye karatasi za vitone na kuvibandika hadi unajua kama ni saa tisa au saa kumi na moja. Alizaliwa Tottori, Japani, mwaka 1947, akafariki Februari 2017. Wafaransa walimpenda sana: kitabu chake kuhusu mji wa mbali kilipata tuzo ya hadithi katika tamasha la hadithi za picha la Angoulême, Ufaransa, mwaka 2003. Hicho ndicho nilichokifuata, maana Kifaransa changu cha darasani kinaweza kusukuma sukuma.

Karibu na Saint-Michel nikakiona kwenye rundo la vitabu vilivyotumika. Nikamuuliza muuzaji kama hadithi imekamilika. Imekamilika, akasema. Yuro 12. Nikajaribu kupatana naye, akanitazama kama nimemtukana.

Nikakaa ukingoni mwa mto Seine, chini ya daraja, nikaanza kusoma. Mhusika tangu ukurasa wa kwanza anajua mambo ambayo mimi siyajui. Nikamsifu mwandishi kwa ujasiri wa kuanzia katikati. Kurasa ishirini baadaye nikaingiwa na shaka, nikabandua kile kikaratasi cha bei mgongoni mwa kitabu. Chini yake palikuwa na namba 2.

Nilirudi mbio. Muuzaji akasema sina risiti, na kweli hakunipa. Nikazunguka maduka manne. Toleo jipya lenye juzuu zote mbili lilikuwepo, ila bei yake ingenilaza Paris bila nauli. Miguu imelowa, njaa inauma, na hasira ya kudanganywa mchana kweupe ikawa inanipanda kila nilipokishika kile kitabu.

Mtu mmoja akanielekeza mtaa wa Sainte-Anne, ambako Wajapani wa Paris wanakula na kununua vitu vyao. Huko, katika duka dogo, nikamkuta mama wa makamo, rika la shangazi yangu. Nikamwonyesha juzuu yangu yatima. Akaingia nyuma, akarudi na kitabu chembamba cha Kijapani, yuro 5. Akaniwekea kidole kwenye alama moja ya jalada: hii maana yake "juu", ndiyo ya kwanza, ya pili huandikwa "chini".

"Sijui herufi hata moja, mama."

"Tazama tu," akasema.

Akakifungua kwa upande wa kulia, akaniangalia kama nitashangaa. Mimi nimelelewa chuoni. Juzuu amma nilianza kuifungua hivyo nikiwa na miaka mitano. Kidole kilijua njia.

Kisha akaniambia jambo ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. Ili kurasa za Kijapani zisomeke kutoka kushoto, zamani wachapishaji wa nje mara nyingi walizigeuza kama kwenye kioo. Akashika mapindo ya koti lake: kimono ya aliye hai, upande wa kushoto hulala juu ya kulia, kinyume chake huvishwa maiti. Ukigeuza picha bila kuangalia, umewaua watu wote waliomo. Ndiyo maana kitabu changu kina jina la Frédéric Boilet, mchoraji Mfaransa aliyeishi Japani, ambaye ndiye aliyezirekebisha kurasa. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani. Koti la kiume nalo lina upande wake, na nilisimama pale dukani nikikagua vifungo hadi mama yule akaniletea kiti.

Usiku nikapanda basi la kurudi na nikasoma nusu ya kwanza bila kusoma. Hiroshi Nakahara, miaka 48, amepanda treni isiyo yake, anajikuta Kurayoshi alikozaliwa. Kwenye kaburi la mama yake anaanguka, na anaamka ana miaka 14, mwaka 1963, mwaka ambao baba yake aliondoka nyumbani asirudi. Na huyo baba ni fundi wa kushona. Sikuhitaji maneno. Mtoto anamtazama baba yake akifanya kazi, na kwenye ile sura changa macho yanakaa juu ya mzee muda mrefu kuliko mtoto yeyote anavyomtazama mzazi.

Baba yangu hakwenda popote. Alishona sare za shule na suti za Idi mpaka mitumba ikamwishia wateja, sasa anashona mapazia ya majirani. Tangu kidato cha kwanza mimi niliingia dukani kwake kuchukua pesa tu. Sijui hata alijifunza kwa nani.

Kulipokucha Brussels nikampigia. Nikamweleza kuna Mjapani kachora duka la fundi, futi na mkasi na kila kitu.

"Na cherehani?" akauliza. "Ya miguu au ya mkono?"

"Subiri kidogo, baba," nikasema, nikapiga magoti pale kituoni kulifungua begi.