Ugwe wa fundi

Mjomba hajui kwamba amenikera. Kwake yalikuwa maneno ya kupitisha jioni, Kitui giza limeshaingia, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Mimi nayarudia kazini, garini, hata nikiosha vyombo.

Nilikuwa gereji naupaka nta ugwe wa upinde wangu, huu wa kisasa wenye roda, maana hapa Michigan msimu wa kuwinda kulungu kwa mishale unafunguliwa tarehe 1 Oktoba, na ugwe huu nimeutilia shaka tangu Agosti.

"Unausugua nini?"

"Nta, mjomba. Umeanza kuota manyoya."

"Na utajuaje kama umekwisha?"

Basi nikajitandaza. Manyoya peke yake si neno, nta huyalaza. Lakini uzi ukikatika, hata mmoja, hapo hakuna kubahatisha. Ule uzi ulioviringishwa pale mshale unapokaa nao ukianza kuachana, ni dalili. Halafu kuna kitundu cha kulengea kilichofungwa kwenye ugwe: zamani nikivuta kilinitazama sawasawa jichoni, siku hizi kinageukia pembeni. Na hata usipoona lolote, ukifika miaka miwili mitatu unabadilisha, pamoja na zile kamba nyingine zinazopita kwenye roda.

"Haya, badilisha nione."

"Haiwezekani hapa. Mpaka dukani, wana mtambo wa kuubana upinde."

Kimya. Nikamsikia akimeza chai.

"Dukani. Kumbe upinde ni wa fundi, wewe unamtembezea tu."

Wiki hii tumesaini karatasi za nyumba, mke wangu Mwende amemaliza masomo yake ya uuguzi, na mimi nimeshinda nikibishana kichwani na mzee aliye Kitui. Majibu mazuri huja usiku. Mjomba, hata vyembe vyako vilifuliwa na mfua chuma, tena kwa misumari. Zile kano za mgongo wa ng'ombe ulizosokota ugwe ulizipata kwa mchinjaji. Sumu ulinunua. Na mikono ya upinde wangu imebanwa hata ukiwa umelala kabatini. Ukiuvua ugwe bila mtambo unaweza kuondoka na meno yako mkononi. Wako unaning'inia darini, na Kenya ilishapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Nani kati yetu anamtembezea nani?

Jumamosi nikaenda. Fundi akaubana upinde, mikono ikakaribiana, ugwe ukalegea kama utumbo wa kuku. Akaupitishia ukucha polepole, akafika katikati, akasimama. Akafungua kidogo ule uzi wa kuviringishia. Chini yake, mahali jicho langu lisingefika, nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Hakusema kitu, alinionyesha tu.

Nikampigia mjomba palepale, hotuba yangu ya misumari na mchinjaji iko tayari. Sikuitoa. Alitaka nizisogeze zile nyuzi kwenye kamera, akaziangalia mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Wangu nilikuwa naudonoa kwa kidole hapa sikioni," akasema. "Ukipoteza sauti, najua. Na ukinyeshewa, siku hiyo hakuna kuwinda, unangoja ukauke." Kisha: "Huo wa zamani umeutupa?"

"Bado."

"Usiutupe. Hata ukiwa na nyuzi mbili mbovu utamshinda ndama wangu, kamba za katani anazimaliza. Niletee Desemba."

Nilicheka hadi fundi akageuka. Wiki nzima nimebeba kinyongo, na mzee anawaza ndama.

Ugwe mpya ni mweusi na kijani. Nitarusha mishale mingi uwanjani kwanza ndipo nilenge upya, kwa sababu nao hujinyoosha mwanzoni kabla ya kutulia. Hilo halinisumbui.

Linalonisumbua ni Desemba. Pesa za tiketi ndizo zilizokwenda kwenye nyumba, tulikubaliana hivyo, na Mwende bado hajajua kwamba nimemjibu mjomba "sawa".