Mufindi wakati wa chai: nani anaishi kijijini?

Kosta ya kutoka Mafinga ilijaa mpaka mlangoni, na abiria wengi walikuwa kina mama wenye watoto mgongoni. Njia ni paini na mikaratusi tu, kisha chai inaanza ghafla, imekatwa sawasawa kama zulia mpaka ukingoni mwa msitu. Ilikuwa Machi. Manyunyu hayakukoma, na ukungu ulikaa hadi karibu saa tano.

Nilikuwa nakwenda kwenye kijiji cha wakulima wadogo kilichopakana na mashamba makubwa, nikitaka kujua ni nani hasa anaishi pale. Takwimu za mkoa ninazo: sensa ya 2012 iliikuta Iringa na watu 941,238, wanawake 489,186 na wanaume 452,052, ya 2022 ikakuta 1,192,728. Kwamba wanawake ni wengi, hilo utaliona hata kwenye Kosta.

Mtendaji wa kijiji alinifungulia daftari la wakazi. Nilikaa nalo muda mrefu. Safu ya mwisho, ya maelezo, ndiyo iliyonishika: "kahamia Dar", "yuko Makambako", "yupo kambini", "marehemu". Maneno hayo yamewaandama zaidi watu waliopaswa sasa kuwa na miaka thelathini hadi hamsini. Juu yao wamebaki wazee, chini yao watoto.

Sababu moja haifichiki. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 hadi 49 yakiwa asilimia 9.1 Iringa na 14.8 kwa majirani zetu wa Njombe, wakati taifa zima lilikuwa 5.1. Bibi mmoja niliyemwamkia shikamoo alikuwa akimenya viazi na wajukuu watatu. Wazazi wao, alisema, amewazika mwenyewe. Dawa za kufubaza zimeokoa wengi tangu hapo, lakini pengo lililokwisha kutokea halizibiki.

Sababu nyingine ni kazi. Wasichana wanakwenda mijini kutumika majumbani, vijana wanafuata mbao na biashara. Na wakati wenyeji wanatoka, wageni wanaingia. Kwenye kituo cha kupimia jani nilisikia Kihehe, Kibena na Kikinga katika foleni moja ya mizani. Mama mmoja alitua kapu lake, akang'oa majani makavu yaliyomganda kwenye mkono wa sweta, akaniambia kwao ni Makete.

"Unakaa mwaka mzima?"

"Hapana, kaka. Baridi ikiingia jani halikui. Narudi nyumbani kwenye vinyungu, bustani zetu za bondeni."

Jibu lake ndilo lililonifungua macho. Chai ya Mufindi hutoa jani kwa wingi wakati wa mvua, na kuanzia Juni hadi Agosti hupungua sana. Sensa ya 2022 ilihesabu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, yaani katikati ya baridi, wakati vibarua wengi wa aina yake wako kwao. Huko wamehesabiwa sawasawa, sikatai. Lakini Machi wanakunywa maji ya kijiji hiki, watoto wao wanaugua hapa, na wengine wanajifungua hapa. Zahanati ikipangiwa dawa kwa idadi ya Agosti, itakaukiwa kabla mvua hazijaisha, na nesi ndiye atakayelaumiwa. Kwangu hilo ni jambo zito kuliko ubishi wowote kuhusu bei ya jani.

Katika daftari la mtendaji jina la mama yule halimo. Amepanga chumba, na kaya iliyoandikwa ni ya mwenye nyumba. Nilipomuuliza, mtendaji alivuta droo akanionyesha daftari jingine jipya, ukurasa mmoja kwa kila mwenye nyumba, la kuandikia wapangaji wa msimu. Wenyeviti wa vitongoji viwili wameshaleta majina. Cha tatu alikuwa anakwenda mwenyewe mchana ule, kwa miguu, maana pikipiki haipandi utelezi wa huko.