Siku yangu na kamera Dodoma: kutoka Majengo hadi mizabibu ya Mpunguzi

Saa 11 alfajiri

Agosti hapa Dodoma ni mwezi wa upepo, na upepo wetu hautembei bila vumbi. Kwa hiyo lenzi ya leo naichagua nikiwa bado chumbani, madirisha yamefungwa: milimita 50, hiyo hiyo hadi jioni. Wanaoanza wengi hubadilisha lenzi stendi au kando ya barabara ya vumbi, halafu wanashangaa kila anga wanayopiga ina madoa meusi. Ikibidi kubadilisha, upe upepo mgongo, elekeza mdomo wa kamera chini, fanya haraka. Vumbi likiwa limeshaingia, tumia kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate hayatoki kirahisi kama vumbi.

Betri mbili zimejaa, memori kadi tupu, daftari dogo limo mfukoni.

Saa 12 na nusu

Niko Majengo sokoni. Siku hizi jua linachomoza karibu saa moja kasoro dakika ishirini, na kwa muda wa saa moja hivi mwanga unaingia kwa ubavu kati ya vibanda, laini, wa rangi ya asali. Ikifika saa tatu umeshakuwa mkali, na kila uso una kivuli cheusi chini ya macho. Ndiyo maana nakuja kabla sijafungua duka.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Nina duka la stesheneri hapa jirani: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Picha za mtaani ni mapenzi yangu tu, mwaka wa sita sasa.

Mama anayeuza mlenda mkavu alinikatalia wiki iliyopita. Leo kamera imo kwenye begi. Nimenunua mlenda, tumezungumza habari za upepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo hujaja na lile dude lako?"

"Ninalo, mama. Nimeliweka mpaka uniambie."

Akanyamaza, akapima kikombe cha mteja mwingine, akafuta meza. Ndipo akasema: "Piga mikono na mlenda. Sura yangu waachie wanangu."

Nikapiga mikono. ISO 800 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), shata 1/125 ya sekunde, nimeinama usawa wa meza. Mikono ile, na majani makavu yakimiminika kutoka kwenye kikombe cha bati, imenipa picha bora kuliko ile niliyoitamani wiki iliyopita.

Kuna watu wanashikilia kwamba aliye mahali pa umma yuko huru kupigwa picha, basi. Mimi sikubaliani nao. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, na haisemi kwamba haki hiyo inabaki nyumbani ukienda sokoni. Umati wa soko zima naupiga bila kumwomba kila mmoja. Ila ninapomchagua mtu mmoja awe ndiye picha yenyewe, namsalimia kwanza. Akikataa, nashukuru na kuondoka.

Saa 2 na nusu

Nimefungua. Wateja sita wa pasipoti kabla ya saa nne. Kazi hii ya pazia la bluu ndiyo iliyonifundisha mwanga kuliko kitu kingine chochote. Kamera haijui ngozi. Ikiona shati jeupe kubwa inadhani dunia yote inang'aa, inapunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi unatoka kama kivuli. Pima mwanga usoni, si kwenye shati. Au ongeza hatua moja kwenye fidia ya mwanga (alama ya +/- kwenye kamera), kisha angalia kioo cha kamera: ukiona mikunjo ya paji la uso na mboni za macho, umepata. Ni hivyo hivyo kwa babu mwenye kanzu nyeupe juani.

Saa 5

Kijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ameingia akitetemeka. Alikuwa anapiga majengo mapya ya ofisi fulani ya serikali. Mlinzi akamwita, akakaa getini saa nzima, akaamriwa afute kila kitu. Anataka kujua kama alionewa.

Nimemkalisha. Dodoma ni makao makuu, nikamwambia, na mji huu una mageti mengi kuliko mtu anavyodhani akiwa kwenye bajaji. Nchi ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na humo kuna maeneo ya ulinzi ambayo kuyapiga picha bila kibali ni kosa la jinai, si utovu wa adabu tu. Kambi za jeshi, Ikulu ya Chamwino na vituo vya polisi mimi sielekezi hata simu. Uwanja wa ndege, madaraja na stesheni za reli nauliza kwanza, hata kama mbele yangu kuna watu kumi wanajipiga selfi na treni ya SGR. Bango la kukataza likiwepo, hakuna mjadala. Lisipokuwepo lakini kuna mlinzi mwenye silaha, yeye ndiye bango.

Na akikusimamisha? Shusha kamera. Salimia. Sema wewe ni nani, unapiga nini, kwa nini. Onyesha picha ukiombwa. Usikimbie na usibishane naye sheria pale getini. Kama unaona umeonewa, andika muda na mahali, kisha uende kwa wakubwa wake ukiwa umetulia. Mara nyingi kinachomtisha mlinzi ni mtu anayepiga kwa kujificha. Mimi hutangulia kwenda getini kabla ya kutoa kamera. Nimekatazwa mara nyingi, sijawahi kushikiliwa.

Akaniuliza kuhusu droni, rafiki yake anayo. Hiyo ni habari nyingine kabisa: inasajiliwa na kuombewa kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wetu wa ndege uko katikati ya mji. Nimemwambia amsihi rafiki yake asiirushe kwanza.

Jumamosi anataka twende Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nimekubali, kwa sharti: tunalipa kiingilio, tunafuata mwongozaji, hagusi mwamba, na hamwagii maji mchoro ili rangi ikolee pichani.

Saa 7

Wali maharage, kwa haraka, nikiwa nyuma ya kaunta.

Saa 8 mchana

Mteja ameleta flashi anataka bango la duka lake. Picha iliyomo, ya msichana anacheka na kikapu cha zabibu, ameitoa mtandaoni. Nimemuuliza kama anamjua aliyeipiga. Hamjui. Msichana je? Hamjui pia. Nikamweleza kwamba sichapi, na nikamwambia sababu, kwa sababu yamenikuta.

Miaka mitatu iliyopita nilimpiga babu mmoja akipiga zeze, kijijini upande wa Chamwino. Aliniruhusu kwa furaha. Nikaiweka mtandaoni. Mwaka uliofuata biashara moja ikaitia kwenye kalenda bila kuniuliza. Nilichukia, na nilikuwa na haki ya kuchukia: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha tangu inapopigwa, hata kama hujaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili unasaidia kuthibitisha kwamba ni yako.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni babu mwenyewe. Mjukuu wake alimletea ile kalenda. Nilipokwenda kumwona akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, uliniuza bei gani?" Sikuwa nimemuuza. Ila sikuwa nimemweleza picha itakwenda wapi. Ruhusa aliyonipa ilikuwa ya kumpiga, si ya kumsambaza. Hakimiliki ilikuwa yangu, na sura bado ilikuwa yake.

Tangu siku hiyo ndipo nina daftari. Naandika tarehe, mahali, mtu amekubali nini: kupigwa tu, kuwekwa mtandaoni, au biashara. Kwa biashara nataka sahihi kwenye karatasi ya Kiswahili cha kawaida. Sasa tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hiyo inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Aliye chini ya miaka 18 simpigi bila mzazi au mlezi, na sare ya shule yenye jina haionekani kwenye picha yangu hata mzazi akikubali.

Mteja amesikiliza mpaka mwisho. Ameniomba nimpigie picha mpya, ya binti yake mkubwa, pale pale dukani kwao.

Saa 10 jioni

Daladala la barabara ya Iringa hadi Mpunguzi. Ni msimu wa mavuno ya zabibu, na mwenye shamba ananijua. Nimemletea picha nne nilizosafisha za mavuno ya Machi, moja ya kila mchumaji. Hakuna kinachofungua mlango kama picha iliyorudi kwa mwenyewe.

Nimepiga kuelekea jua, likipita ndani ya punje mpaka zikawaka. Mkono mmoja nimeukinga juu ya lenzi ili mwanga usiifute picha. Wachumaji wakanisahau baada ya robo saa, na picha nzuri zilianzia hapo.

Saa 2 usiku

Nyumbani. Nakopi kadi yote kwenye kompyuta, kisha kwenye diski ya nje, ambayo kesho inarudi kukaa dukani, si hapa. Sifuti kadi kabla nakala zote mbili hazijafunguka.

Nazipitia za Majengo. Moja ndiyo kali kuliko zote: mikono, mlenda unaomwagika, na juu kabisa ya fremu, mahali ambapo sikupaangalia wakati ule, mama ameinamisha uso akitabasamu. Naitazama kwa muda mrefu. Kisha naifuta, kwenye kompyuta, kwenye diski, na kwenye kadi. Ya mikono nasafisha nakala mbili, nampelekea kesho asubuhi.