Kumtafutia Mama vifaa Dodoma kabla ugonjwa haujatutangulia

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, na ana ugonjwa wa neva za mwendo. Ni ugonjwa unaoua polepole chembe za neva zinazoamrisha misuli. Kwake ulianza mkono wa kulia, ukaja mguu, sasa uko kwenye ulimi na koo, na hatimaye hufika kwenye misuli ya kupumua. Akili yake iko palepale. Ngozi nayo inahisi kila kitu, hata mkunjo wa shuka chini ya mgongo, ila hawezi kujisogeza.

Majirani zetu Nkuhungu walidhani ni kiharusi. Kiharusi humpiga mtu ghafla, na wengi huanza kurudi kidogo kidogo kwa mazoezi. Huu haurudi nyuma. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili za kwanza, ingawa wapo wanaovuka hapo kwa mbali: Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, aligundulika nao mwaka 1963 akiwa na miaka 21 na akafariki mwaka 2018.

Shida kubwa ya vifaa inaanzia hapo. Taratibu nyingi zimewekwa kwa ajili ya ulemavu uliotulia: mtu kakatwa mguu, anapimwa, anapewa, basi. Kwa Mama, kilichomfaa wakati wa mavuno hakikumfaa tena mvua zilipoanza. Tulikwenda ofisi moja kuomba kiti mwendo akiwa bado anaingia kwa miguu yake, kashikilia kitembezi. Tukaambiwa, "Dada, huyu bado anatembea. Akizidiwa, mrudi." Niliumia sana. Akizidiwa maana yake akishaanguka, akishavunjika nyonga, ndipo maombi yaanze na foleni ianze.

Nilirudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayemhudumia Mama, nikamwomba barua ya namna nyingine. Nilitaka ieleze ugonjwa unakokwenda na vifaa vitakavyohitajika kwa mfuatano: bresi ya kifundo cha mguu kwa sababu unyayo umeanza kuburuzika, kiti mwendo chenye mgongo mrefu na cha kuegemeza kichwa, kola ya shingo, njia ya kuwasiliana sauti ikipotea, mashine ya kufyonza mate, kisha ya kusaidia kupumua usiku. Aliandika kurasa mbili, akagonga muhuri. Nikaambatanisha ripoti ya daktari, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na nakala ya Ibara ya 20 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, inayozitaka nchi ziwarahisishie watu hawa kupata vifaa vya kujimudu kwa gharama wanayoiweza. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009. Nikapeleka kwa afisa ustawi wa jamii. Aliisoma yote mbele yangu, akauliza maswali ya maana, akafungua faili la Mama. Tangu siku hiyo sijaambiwa tena nimlete ili waone kama kweli anaumwa.

Kiti kilipopatikana, hatukukipokea hivihivi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2008, na jambo kubwa ndani yake ni kwamba kiti hupimwa kwa mtu, hurekebishwa mwilini mwake, na mtumiaji na wasaidizi wake hufundishwa. Kumkabidhi mtu kiti na kupiga picha hakutoshi. Kile kilikuwa kipana, Mama akawa anaegemea upande. Mtaalamu alijazia pembeni kwa sponji ngumu, akatuonyesha jinsi ya kumkalisha nyonga zirudi hadi nyuma kabisa. Na mchanga wetu nao! Magurudumu madogo ya mbele yanazama hata kabla hujatoka getini. Fundi wa kuchomelea mtaani, ambaye Mama alimfundisha darasa la pili, alikuja akasema, "Shikamoo Mwalimu, niachie hii." Akatengeneza mkono wa chuma unaofungwa mbele ya kiti, wenye gurudumu moja kubwa la baiskeli, unaoyanyanyua yale madogo juu ya ardhi. Ndani ya nyumba tunaufungua. Sasa Mama anakwenda kanisani.

Sauti yake tuliiwahi. Alipoanza kutamka kwa kukokota, tulikaa naye jioni jioni tukimrekodi kwenye simu: majina ya wajukuu, "nigeuzeni", "bado sijashiba", sala ya usiku, na "mbukwenyi" ya Kigogo anayowasalimia ndugu wa Kongwa. Simu inaweza kusoma maandishi kwa Kiswahili, na inasaidia, lakini mjukuu akiitwa kwa sauti ya bibi yake mwenyewe anakuja mbio.

Kwa mengineyo tunatumia ubao wa herufi, karatasi ngumu niliyoiandika kwa kalamu nene. Kila safu inaanza na irabu: A B CH D, halafu E F G H, halafu I J K L M N, halafu O P R S T, mwisho U V W Y Z. Nataja A, E, I, O, U. Nikifika kwenye safu yake anatazama juu, kisha napita herufi moja moja. Kiswahili kimejaa irabu, hivyo mara nyingi herufi anayoitaka iko mwanzoni kabisa mwa safu. Usiku mmoja alikuwa analia na hatukujua kwa nini. Akaandika K, I, S, I, nikakimbilia miguuni. Kisigino kilikuwa kimebanwa na ubao wa kitanda.

Vidogo havina urasimu. Mpini wa kijiko niliuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli hadi ukawa mnene, akala mwenyewe kwa miezi kadhaa zaidi. Maji yanampalia, uji mzito unashuka, na mlenda ndio rafiki wa koo lake. Mashine ya kufyonza mate tulichagua ya kukanyaga kwa mguu, isiyongoja umeme.

Wiki iliyopita nimewasilisha maombi ya mashine ya kupumulia ya usiku, yenye betri, pamoja na barua mpya ya daktari. Mama kwa sasa bado analala vizuri bila hiyo.