Fizi za Mwezi zilikuwa zimepauka

Jana asubuhi nilimpakata paka wangu, Mwezi, nikaona hatulii, anajikuna tu. Nikapekua manyoya yake pale juu ya mkia: chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nikazikung'utia kwenye karatasi ya chooni iliyolowa, zikatoa wekundu. Kinyesi cha viroboto, yaani damu yake mwenyewe! Nikamfunua mdomo. Fizi ambazo huwa za waridi zimepauka, ishara ya kupungukiwa damu. Roho ikaniruka, nikamtia kwenye kikapu mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari akanionyesha punje kama za mchele chini ya mkia. Vipande vya tegu, mnyoo wa tumboni. Paka humpata akimeza kiroboto anapojilamba. Akapewa dawa ya minyoo, na ya viroboto, ya matone nyuma ya shingo, ambayo nitairudia kila mwezi.

Jamani, nawaomba, dawa ya viroboto ya mbwa yenye kemikali ya pemethrini msimpake paka. Inaua. Jirani yangu alimpoteza wake hivyo hivyo.

Leo nimefua mashuka kwa maji ya moto, mkeka wake nimeuanika juani, maana mayai ya viroboto hudondokea humo. Jioni hii kamaliza dagaa wake wote, sasa kalala miguuni pangu.