Kamba ya kitanda cha shangazi

Mwezi uliopita shangazi yangu anayeishi Makorora, mtaa wa hapa Tanga, aliniagiza kamba ya kuwambia kitanda chake upya. Kitanda chenyewe ni cha zamani, cha matendegu ya kuchonga na mifumbati ya mvule, na kamba iliyokuwapo ilikuwa imelegea kiasi kwamba godoro lilibonyea katikati kama ngalawa. Agizo lilikuja na sharti moja tu: "Nataka ya katani, mwanangu. Hiyo ya nailoni usiniletee."

Nilikwenda Ngamiani nikidhani ni shughuli ya dakika kumi. Katika duka la kwanza walikuwa na nailoni, na la pili vilevile. La tatu, lililoko Barabara ya Kumi na Mbili, nilimkuta mzee aliyevaa kofia ya vitobo, juu ya kichwa chake zikining'inia roli za kamba za buluu, kijani na chungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipomtajia katani alicheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyekumbushwa jina la rafiki aliyehama mji. "Nani anainunua siku hizi? Chukua hii ya nailoni, hii utawarithisha wajukuu, na bei yake ni nusu."

Nilisimama pale nikiona aibu ambayo sikuitarajia. Haya yalikuwa yakitokea Tanga, mkoa ambao ukipita barabara ya Muheza na Korogwe bado unaona mkonge, mmea unaotoa katani, umepandwa kwa mistari hadi macho yanachoka. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inasimuliwa kwamba katika miche iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba, makambi ya manamba (vibarua wa mkataba), vituo vya reli na sehemu kubwa ya mji huu, hata ikafika mwaka 1964 nchi ikawa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, zikiwa nyepesi, imara na za bei ndogo, na wakulima wa nchi za mbali waliokuwa wakifungia nyasi kwa kamba yetu wakabadili mkono. Hakuna aliyetukasirikia. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa akafikiria kuhusu Tanga. Wengine watasema utaifishaji wa mwaka 1967 nao ulichangia kuporomoka huko, nami sibishi. Lakini hata shamba liendeshwe kwa ustadi namna gani, haliwezi kumlazimisha mteja anunue asichokitaka.

Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba anachonunua ni jambo lake binafsi lisilomhusu mwingine, namsikiliza kwa adabu lakini siwezi kumkubalia. Sisi wa Tanga tumeonja uzito wa mkono wa mnunuzi asiyetufahamu. Ninachotaka kukijadili hapa ni kitu kingine: je, mkono huo uongozwe na nini? Wapo wanaoongozwa na jina la bidhaa, wakilishika kama dini, na wapo wanaoongozwa na msimamo, yaani hiki nanunua kwa sababu ni haki na kile sinunui kwa sababu ni dhuluma. Makundi haya mawili hudhaniwa kuwa ndugu. Kwangu mimi hayana udugu wowote.

Nianze na jina, kwa sababu nililelewa na mwanamke mwenye kulishika jina. Marehemu mama alikuwa havai kanga nyingine iwapo ipo ile yenye alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla", yaani kanga za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye jina lake limeingia katika makabati ya wanawake wa pwani yote. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa hivyo. Lakini nilipokuwa mdogo nikimfuata dukani nilimwona akifanya mambo ambayo mtumwa wa jina hayafanyi. Aliifungua doti, akaisugua pindo lake kati ya viganja viwili ili aone wanga kiasi gani unadondoka. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa mlango autazame msuko. Mwisho akatia mate kwenye kitambaa cheupe, akasugua wekundu wa mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, akakiangalia kitambaa. Siku moja alikuta kanga ya kuigiza iliyobandikwa alama ileile, na baada ya kusugua akamrudishia muuzaji akisema, "Abdulla huyu simjui." Tukatoka.

Kwa muda mrefu nilidhani mama alikuwa mwaminifu kwa Abdulla. Sasa naona alikuwa mwaminifu kwa kipimo chake, naye Abdulla alikuwa akifaulu mtihani kila mara. Jina lilimwokoa na taabu ya kufungua doti thelathini kabla ya kupata moja, basi. Halikumwondolea haki ya kufungua ile moja. Hiyo ndiyo kazi halali ya jina katika biashara, na katika soko ambalo bidhaa za kuigiza ni nyingi si kazi ndogo. Mtu anayenunua dawa ya meno, waya wa umeme au dawa ya kichwa hawezi kuvisugua kwenye kitambaa cheupe. Anategemea jina, na anategemea nembo ya Shirika la Viwango.

Lakini jina linaweza kubaki palepale huku kilichomo ndani kimehama. Nyumbani kwetu tulikuwa na feni ambayo ilizunguka miaka mingi, na nilipojenga kwangu nikanunua ya jina lilelile bila hata kuomba iwashwe. Miezi mitano baadaye, katika joto la Februari ambalo wenyeji wa Tanga hawahitaji kuelezwa, ikatoa moshi. Fundi alipoifungua alikwangua waya wa mota kwa ncha ya kisu, rangi ya shaba ikabanduka na chini yake kukaonekana weupe wa alumini. Akasema, "Jina ni lile, kaka, matumbo siyo." Sikujua, na sijui hadi leo, kama ilikuwa ya kuigiza au kama wenye jina wenyewe ndio waliobadili matumbo, kwa hiyo jina lenyewe naliacha.

Hata pasipo udanganyifu wowote, majina huuzwa na kukodishwa kama mashamba. Wengi wetu tunaikumbuka Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile ya tochi, iliyomulika njia za vijijini kabla ya nguzo za umeme kufika. Mjomba wangu aliapa kwamba hatashika simu nyingine hadi afe. Mwaka 2014 biashara ya simu za Nokia ilinunuliwa na Microsoft, na kuanzia mwaka 2016 haki ya kulitumia jina hilo kwenye simu ikawa kwa kampuni nyingine, HMD. Simu zao huenda zikawa nzuri, na sina ugomvi nazo. Ninachosema ni kwamba mjomba aliendelea kutimiza kiapo kwa watu ambao hakuwahi kuwaapia.

Wanaonunua kwa msimamo nao hukutwa na mtego huohuo, na mimi nimo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikigeuza kila pakiti dukani nitafute tarakimu 620 mwanzoni mwa ule msimbo wa mistari, kwa kuwa niliambiwa kwamba ndiyo alama ya bidhaa ya Tanzania, na nilipoiona 616 ya Kenya niliirudisha rafuni nikijiona mzalendo. Baadaye nikaelewa kwamba tarakimu zile zinaonyesha nchi ambayo namba iliandikishwa, si nchi ambayo bidhaa ilitengenezwa. Mwagizaji wa hapa anaweza kuandikisha 620 kwa biskuti zilizookwa kokote duniani. Uzalendo wangu wote ulikuwa umeegemea kazi ya karani.

Jambo hili lilinirudia tangu Oktoba 2023, pale orodha za bidhaa za kususia zilipoanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa sababu ya vita vya Gaza. Uchungu uliozisambaza naujua na naushiriki. Lakini orodha moja niliyoletewa na watu watatu tofauti ilikuwa imeiweka Blue Band chini ya Unilever, ilhali Unilever iliuza biashara yake ya siagi za mimea mwaka 2018. Nilipomweleza kijana mmoja wa mtaani alinijibu, "Hata hivyo, mzee, moyo wangu umetulia." Jibu hilo limenikaa kichwani. Kama tunasusia ili moyo utulie, basi orodha yoyote inatosha, hata yenye makosa. Kama tunasusia ili dhuluma ipungue, kosa moja kwenye orodha ni risasi iliyompata mpita njia.

Pwani hii ina mifano ya kususia kulikofanya kazi. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilitoa sheria iliyoipa jumuiya moja ukiritimba wa kununua na kusafirisha karafuu, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wamefungiwa mlango. Walikataa kuigusa karafuu, na chama cha Congress kule India kikawataka watu wake wasinunue karafuu ya Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, na mwaka 1938 serikali ikakaa chini ikaafikiana nao. Sisemi kwamba haki yote ilikuwa upande wao, kwani mkulima wa karafuu naye alikuwa na kilio chake dhidi ya wakopeshaji, na habari hiyo ni ndefu. Nasema tu kwamba bidhaa ilikuwa moja, madai yalikuwa yanajulikana, na aliyetakiwa kubadilika alikuwa na anwani.

Vivyo hivyo tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere, wakati huo Rais wa TANU na nchi yetu ikiwa bado haijapata uhuru, alikuwa mmoja wa wazungumzaji wakuu katika mkutano uliofanyika London kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Kutokana na mkutano huo lilizaliwa vuguvugu dhidi ya ubaguzi wa rangi ambalo lilidumu hadi ubaguzi wenyewe ulipoanguka. Mama wa nyumbani wa Kiingereza hakuombwa abadili maisha yake yote. Aliombwa aache matunda fulani rafuni. Huo ni mzigo mdogo kwa mtu mmoja, lakini ulikuwa na mlengwa, na wabebaji walikuwa wengi.

Ndiyo sababu nimeamua kuwa na misimamo michache. Mtu mwenye misimamo ishirini dukani hana hata mmoja, ana orodha tu, na siku fedha ikipungua orodha hukunjwa ikawekwa mfukoni. Wangu ni miwili. Nikipata kilichotengenezwa na mikono ya mkoa huu na kikafaulu mtihani wa mama, nakinunua hata kama kimezidi bei kidogo. Na nikiwa na uhakika, si uvumi, kwamba bidhaa imetokana na dhuluma, naiacha. Maziwa nanunua ya Tanga Fresh, kiwanda kilichoanza miaka ya 1990 kwa nguvu ya vyama vya ushirika vya wafugaji wadogo wa huku, ingawa nakiri kwamba hapo msimamo haunigharimu chochote, maana mtindi wao ni mtamu.

Tena sithubutu kumhubiria mtu mwingine haya bila kutazama kikapu chake. Jirani yangu hununua mafuta ya kupima na unga wa kupima, jioni kwa jioni, kadiri alichopata siku hiyo. Mafuta yake hayana jina wala nembo wala namba. Yametoka kwenye dumu. Kumwambia mama huyo achague kwa misingi ya haki ni kumwonea mara ya pili. Kuchagua kunaanzia pale ambapo kuna viwili vya kuchagulia na fedha ya kununulia chochote kati ya hivyo, na sisi tulio na nafasi hiyo ndio tunaoulizwa.

Turudi dukani. Yule mzee, alipoona siondoki, alinitajia mtu wa Pongwe ambaye bado anasokota kamba ya katani, akaniahidi kuniagizia. Nilingoja siku tisa. Kamba ilipofika ilikuwa ya rangi ya majani makavu, ina nyuzinyuzi zinazochoma vidole na ile harufu ya kiwanda cha mkonge ambayo aliyekulia karibu na makambi haisahau. Nililipa mara mbili ya bei ya nailoni. Fundi wa kuwamba akailoweka kidogo, akaanza mchagoni, akivuta kila mstari kwa mguu ulioegemezwa kwenye mfumbati, huku akiisifu kwamba katani inang'ang'ania na wala haitelezi kama ile nyingine, ingawa itabidi aitwe tena kuikaza baada ya miezi michache na isilowe kabisa.

Alipofika robo tatu ya kitanda, kamba ikaisha. Mtu wa Pongwe hakuwa na nyingine. Shangazi alikuwa amelala kwenye mkeka kwa wiki mbili na kiuno kilikuwa kinamsumbua, kwa hiyo nikarudi Ngamiani jioni ileile, nikanunua mita kadhaa za nailoni ya kijani, na fundi akamalizia upande wa miguuni. Tukatandika godoro juu yake. Shangazi akakaa, akajaribu kwa kujisukuma mara mbili, akasema, "Umeona sasa katani ilivyo?"

Nikamwambia, "Naam, shangazi."