Neptuni au Utaridi?

Tarehe 1 Septemba 2016 Rujewa ilifurika watu waliokuja kuona jua likipatwa. Tulitoka Mbeya kwenye Coaster, tumebanana, tukigombania miwani ya karatasi.

Karibu saa sita mchana mwezi ukakaa katikati ya jua, likabaki duara jembamba la moto kwa takriban dakika tatu. Chini ya mwembe, kila upenyo kati ya majani ulimwaga pete ndogo mchangani, na watoto wakawa wanazikanyaga. Nilizitazama hizo kuliko ya juu.

"Mwalimu, si tungepima nyota kama Eddington?" mmoja wetu akauliza. Mwaka 1919, kisiwani Principe, Mwingereza huyo alipiga picha nyota zilizo jirani na jua lililopatwa, nuru yake ikaonekana imepindishwa na jua kama Einstein alivyotabiri. Mwalimu wetu wa fizikia akacheka. "Kwa pete hii? Mwanga uliobaki unazificha zote. Kule jua lilifunikwa lote."

Safari ya kurudi ndiyo iliyonoga. Tulipofika Igawa, mzee mmoja mkulima wa mpunga aligeuka: "Mwalimu, kwa hiyo huyo Einstein ndiyo kamaliza?"

Mwalimu akamtolea kisa cha Le Verrier. Sayari ya Uranus ilipokwenda kombo kwenye njia yake, mwanaastronomia huyo Mfaransa alisema ipo sayari nyingine inayoivuta. Mwaka 1846 Neptuni ikaonekana. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, nayo ilipopotoka akasema vilevile. Sayari hiyo ikatafutwa weee, haikuwepo. Kasoro ilikuwa kwenye kanuni ya Newton, na Einstein akalionyesha hilo mwaka 1915.

"Sasa nyota za pembezoni mwa galaksi zinakwenda mbio kuliko inavyopasa. Wengi wanasema kuna maada isiyoonekana inayozivuta. Mwanafizikia Milgrom, tangu 1983, anasema turekebishe kanuni ya mvutano."

"Basi hii ni Neptuni au ni Utaridi?"

Hata chuoni sikuwahi kusikia swali hilo likiulizwa vizuri hivyo. Mwalimu alishika Neptuni. Mimi, kwa ubishi tu, Utaridi. Chimala ikapita tunabishana.

Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, zilizogongana zilituletea mawimbi ya mvutano na mwanga, vikipishana sekunde 1.7 hivi baada ya safari ya miaka ya nuru kama milioni 130. Nadharia kadhaa za kumrekebisha Einstein, zilizotaka kasi ya mawimbi hayo na ya mwanga zitofautiane, zikaanguka. Nikampigia mwalimu nikidhani atanicheka.

"Zilizosema kasi ni moja bado zipo," akanijibu. "Na hiyo maada yangu, hakuna aliyeikamata."